Nusu Uso wa Shangazi

Walisema sitamaliza mwaka. Walisema mwanamume wa Kibosho hawezi kuishi kwa kupaka nyuso za wanawake, na kwamba stashahada ya urembo niliyokwenda kuitafuta Ulaya ilifaa kufungia maandazi. Baba mdogo ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote: "Wenzako wanarudi na malori, wewe umerudi na poda!"

Niliwaacha waseme. Mimi nilikuwa nimesugua sakafu za duka kubwa la vipodozi mchana, na jioni nikakaa darasani na wasichana wadogo kuliko mimi, nikajifunza ngozi ni kitu gani. Nilifaulu vizuri. Sijui mtu mwingine kutoka vijiji vyetu aliyekuwa na cheti kama hicho wakati ule, na sioni sababu ya kuona haya kulisema.

Nilirudi katika miaka ya tisini. Wale waliokumbuka foleni za sabuni walikuwa bado wanashangaa rafu za maduka ya Moshi zilivyojaa. Nilipata chumba kimoja katika mtaa wa maduka ya Wahindi. Mwenye nyumba, mama mjane wa Kisingasinga, alikubali kodi ingoje. Shangazi yangu alinikopea kwenye kikundi chao cha akina mama wa parokia. Fedha nyingi zaidi zilitoka kwa baba mdogo, na masharti yake aliyatangaza kwenye kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, watu wakisikia: watoto wakirudi shule Januari nami sijamlipa, sehemu yangu ya kihamba inakuwa ya wanawe. Kihamba ni shamba la ukoo, migomba na kahawa. Katika sehemu yangu ndipo alipozikwa baba.

Fedha zote nikanunulia faundesheni za ghali, rangi za kusawazisha uso, zile nyepesi za maji, zilizotengenezwa mahususi kwa ngozi ya mtu mzima. Chupa ya kioo kizito, kifuniko cha rangi ya dhahabu. Niliona sawasawa kwamba mji wetu una akina mama wenye uwezo: walimu wakuu, wake za wafanyabiashara, wajane wa kahawa ambao watoto wao wako Nairobi na Dar. Hakuna aliyekuwa anawahudumia. Wasichana walikuwa na vibanda vyao sokoni, wakinunua faundesheni za tyubu za plastiki za bei ya chini kutoka Kenya. Mama wa miaka sitini akiuliza kitu cha usoni alipewa mafuta ya mgando.

Wakaja, wakashika chupa, wakanusa, wakauliza bei, wakacheka, wakaondoka. Hadi Novemba nilikuwa nimeuza chupa chache za kuhesabika kwa vidole.

Shangazi akateremka siku moja ya soko na kikapu chake cha ndizi. Alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho mwezi uliofuata.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona duka lako limetulia kama sakristia?"

Nikamweleza kwa kirefu kuhusu ubora. Alinisikiliza akiwa amefumba jicho moja.

"Si mkorogo huo? Nisije nikawa mweupe usoni na masikio yakabaki yangu."

"Si mkorogo, shangazi. Hii inakaa juu tu, jioni unanawa."

"Sasa mtu ananunua kitu cha bei ya mbuzi ili jioni akinawe?"

Hapo ndipo nilipopata wazo, na nalidai kuwa langu. Nilimwambia anipe uso wake Jumapili moja. Upande wa kulia ningepaka ya ghali, kushoto ile ya tyubu ya sokoni, aende nao misa ya kwanza kule juu kwenye ukungu, kisha ashuke nao mjini kwenye joto. Itakayoshinda ndiyo nitakayompaka siku ya arusi. Alikubali kwa sababu anapenda mashindano.

Jumapili alfajiri nilipanda kwake. Nilimwambia anawe kwa maji ya vuguvugu asipake kitu chochote. Nikatoka kukata kipande cha godoro la sponji, maana sponji zangu za Ulaya zilikuwa zimekwisha. Niliporudi nikampaka kila upande, nikarudi nyuma kutazama, nikaridhika. Tukaenda kanisani.

Misa ilipokwisha, akina mama wenzake walimzunguka.

"Umeamka na malaria?"

"Malaria ya upande mmoja?" akasema mwingine. "Huku amefufuka, huku bado yuko kaburini!"

Shangazi alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka. Upande wa ghali ulikuwa umelala vizuri kwenye mikunjo ya jicho, laini, kama hakuna kitu, ila ulikuwa na rangi ya majivu. Upande wa tyubu ulikuwa na rangi yake hasa, kahawia ile ya familia yetu, lakini kandokando ya mdomo umekatika mistari kama udongo wa mashamba ya mpunga ya Chekereni maji ya mfereji yakikauka. Na tulipofika mjini, pande zote mbili zilianza kuteleza kuelekea shingoni.

Kuteleza ndiko kulikonishinda kuelewa. Nikampeleka dukani, nikamfuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikang'aa.

"Shangazi, ulijipaka mafuta?"

"Kidogo tu, ulipotoka."

"Si nilikuambia usipake?"

"Baba, niende kanisani nimepauka? Watu waseme watoto wangu wamenitupa?"

Alikuwa amekasirika kweli, na nilipokuwa narudi nyumbani nilitambua kwamba hakuna mama hata mmoja wa milimani kwetu ambaye angenisikiliza. Kule juu baridi inakausha ngozi, na uso unaong'aa ni heshima. Ndiyo habari ya kwanza mama anayoitoa kuhusu nyumba yake akiingia kanisani. Wale walionunua chupa zangu bila shaka walizipaka juu ya mafuta ya mgando, zikawateremka, wakaenda kuwaambia wengine. Walimu wangu Ulaya walijua mengi, lakini hilo hawakuwahi kukutana nalo.

Nilizifikiria zile chupa wiki nzima. Aliyetengeneza ya ghali aliwaza umri wa shangazi bila kuwaza rangi yake. Aliijua mikunjo, akajua poda nzito huingia ndani yake na kumzeesha mtu, akaifanya nyepesi kama maji. Lakini rangi yake nyeusi kuliko zote iliishia mahali ambapo sisi ndio kwanza tunaanza. Wa tyubu alimwona mwanamke mweusi, ila alimwona akiwa na miaka ishirini. Bei kubwa ililipia kazi ya kweli, sikatai hata leo, ila kazi hiyo ilikuwa imefanyiwa mtu mwingine. Na bei ndogo haikuwa ulaghai. Kila moja ilikuwa na nusu ya shangazi.

Basi nikapanda tena kwake, nikazichanganya. Nilimwacha ajipake mafuta yake, sikumnyima. Nikangoja yaingie tukinywa chai, kisha nikayabonyezabonyeza kwa kanga kuukuu hadi mng'ao ukabaki wa kadiri. Tone la chupa, tone la tyubu, nikakoroga kiganjani, nikapaka kwa sponji iliyolowa na kukamuliwa, nyembamba sana, zaidi mashavuni, karibu na macho nikiigusisha tu. Akajitazama kwenye kioo, akageuza shavu huku na huku. Mwishowe akauliza, "Umepaka?"

Hilo ndilo swali ambalo mtu wa kazi yangu anaomba kulisikia.

Kwenye arusi alilia, akacheza, akala, akalia tena, na uso ukabaki mahali pake. Nanyi mnajua Desemba kwetu: kila aliyetoka amerudi, kila kijiji kina arusi, ubarikio, jubilei. Watoto wa Nairobi na Dar walimwona shangazi, wakataka mama zao wawe vile. Nikaacha kuhangaika kuuza chupa, nikawa nauza uso uliokamilika. Niliitwa Kibosho, Kilema, nikapanda barabara za matope nikiwa na begi mgongoni, na waliokuwa wakinicheka wakanishikia mlango. Chupa moja ilitosha akina mama wengi, kwa hiyo mali iliyokuwa imenilemea ikawa akiba.

Siku ya kulipa niliichagua mwenyewe: Jumamosi ya soko, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Nilivaa koti. Nilianza kwa mama mwenye nyumba. Alipokea kodi yake, kisha akanyoosha mkono wake mweupe kwenye mwanga wa dirisha. "Na mimi je? Ngozi yangu nayo imezeeka." Kwake ile ya ghali ilikaa vilevile ilivyotoka kiwandani, bila kuongeza kitu. Akanunua chupa kwa bei kamili. Mtu akiniuliza ipi bora, humuuliza kwanza ni ya nani.

Kikundi cha parokia nilikikuta uani kwa padri. Mweka hazina alipokea, shangazi akapiga kigelegele ambacho hakikuhitajika.

Kisha nikaenda kilabuni. Baba mdogo alikuwa kwenye benchi na kata yake ya mbege, wazee wamejaa. Nikamwamkia, nikamkabidhi bahasha mbele ya wote. Akaangalia pembeni.

"Ungeniletea nyumbani, mwanangu. Mambo ya ukoo haya."

"Ulinikopesha hapa, baba mdogo. Ukatangaza hapa."

Mzee mmoja akacheka ndani ya kata yake. Baba mdogo akahesabu taratibu, akarudia, akaingiza bahasha kifuani.

"Imetimia," alisema, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Kihamba ni chako. Aika, asante. Kaa unywe."

Nikakaa, nikanywa kata nzima, na sikuona haraka ya kuondoka.