Barua pepe aliyoihama ilivyomharibia jina mpiga picha wa Utemini

Saa mbili asubuhi, Asnath Kitundu anarekebisha mkao wa mzee aliyeketi kwenye stuli ndani ya chumba chake cha picha, Utemini, mjini Singida. “Baba, kidevu chini kidogo. Hapo hapo.” Anapiga mara mbili, anatazama kioo cha kamera, anaridhika.

Nyuma ya mzee yupo Witness, binti anayeomba chuo. Akishapigwa, anaomba picha zitumwe kwa barua pepe.

“Natuma kwa kebo tu. Leta simu yako,” Asnath anamjibu.

“Dada, dunia ya leo, kebo?”

“Dunia ya leo ndiyo iliyonirudisha kwenye kebo.”

Asnath, mwenye umri wa miaka 43, hasemi hayo kwa utani. Ana hasira, na haifichi.

Mzaliwa huyo wa Mungaa, wilayani Ikungi, amekuwa akipiga picha za harusi, ubarikio na misiba kwa miaka 15. Kazi zake zote alizihifadhi kwenye akaunti ya barua pepe. Mwaka jana nafasi ikajaa, picha za wateja zikawa haziendi. Alimwita fundi simu aitwaye Raymond, akamfungulia akaunti kwenye kampuni nyingine yenye nafasi kubwa, bure.

“Nikamuuliza, na hii ya zamani? Akasema iache, itajifia. Aliniuliza nataka nafasi kiasi gani. Suala la ulinzi hakuligusa kabisa.”

Akaunti ile haikufa. Ilikuwa bado imeunganishwa na namba ya simu aliyoipoteza alipoibiwa simu mnadani. Kampuni ya simu ilikwisha kuigawa namba hiyo kwa mteja mwingine. Mtu huyo alitumia namba hiyo kuomba nywila mpya ya akaunti, ujumbe wa uthibitisho ukaingia kwenye simu yake, akawa ndani.

Humo alikuta picha, majina na anwani za wateja. Akaanza kuwaandikia akijiita Asnath.

Mmoja wa walioandikiwa ni Paschal, mtoto wa marehemu Isaka Msengi wa Mungaa. Aliambiwa kwamba picha za mwisho za baba yake, “zile za shati la mistari na fimbo,” zinaharibika, na zinahitaji malipo ili zisafishwe. Paschal alimweleza mama yake, Theresia. Mjane huyo akauza mbuzi, fedha zikatumwa.

Picha hazikuja. Theresia akapanda basi na wifi yake hadi Utemini. Asnath anakumbuka kwamba alimkaribisha kiti, mama huyo akakataa kukaa.

“Asnath, picha za mzee ziko wapi?”

“Picha zipi, mama?”

“Nilizolipia.”

“Mama, mimi sijakuomba hela.”

“Shati lake alilijua nani? Si wewe uliyempiga? Umeniuzia mume wangu, mwanangu.”

 Anapofika hapo, Asnath anapiga meza kwa kiganja. “Mtu kaingia kwenye kazi yangu, kaangalia shati la marehemu, kalitumia kumchuna mjane! Na aliyeonekana mwizi ni mimi, kijijini kwetu.”

Familia nyingine nne nazo zilitapeliwa. Alitoa taarifa polisi. Mpaka sasa hakuna aliyekamatwa.

Alikwenda kampuni ya simu. Kijana wa dirishani alimweleza kwamba namba isipotumika hugawiwa upya, ndio utaratibu.

“Na aliyekuwa nayo mnamwambia?” aliuliza.

“Tunamtumia ujumbe.”

“Kwenye namba ipi?”

“Hiyohiyo, mama.”

Kampuni ya barua pepe haikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mashine ilimjibu kwamba, ili ithibitishe yeye ndiye mwenye akaunti, ingetuma ujumbe kwenye simu yake. Ujumbe ukaenda kwa tapeli.

Akaamua kukagua akaunti yake mpya. Kwenye sehemu ya namba ya dharura, ile ya kurudishia akaunti mwenyewe akikwama, alikuta namba ya Raymond. Akampigia.

“Dada, nimeiweka ili ukikwama nikusaidie. Wateja wote nawafanyia hivyo,” fundi alimjibu.

“Unanisaidia au unanimiliki?” Asnath alimuuliza. Namba hiyo aliifuta siku ileile.

Sasa anajiandaa kuhama tena, na safari hii hana haraka. Analinganisha kampuni mbili. Ya kwanza ni bure na ina nafasi kubwa, lakini ulinzi wake unategemea ujumbe wa simu pekee. Ya pili inalipiwa kwa mwaka na nafasi yake ni ndogo, ila namba za kuingilia zinatengenezwa ndani ya simu ya mwenyewe, bila kutegemea laini. Pia inaonyesha kila kifaa kilichoingia, na unapewa namba za akiba za kutumia simu ikipotea, za kuandika na kufungia kabatini.

“Naelekea kwenye ya kulipia. Nafasi kubwa niliwahi kuwa nayo, imenifikisha wapi?”

Kabla ya kuhama, anapitia kimoja kimoja vitu vinavyotegemea akaunti aliyonayo: ukurasa wa biashara, taarifa za benki, anwani za wateja. Vyote vitahamia kwanza. Akaunti anayoiacha ataendelea kuifungua na kuilinda, asije akaingia mwingine.

Katika kadi kuukuu ya kamera alipata picha mbili za mzee Isaka. Alizisafisha bila malipo, akampa Paschal azipeleke. Theresia alizipokea. Lakini Asnath akimwamkia, mama huyo hutazama pembeni.

Hilo ndilo linalomuuma kuliko wateja aliowapoteza. Amemwomba mchungaji wa Mungaa nafasi baada ya ibada, awaonyeshe watu namna ya kujua namba ya nani imewekwa kwenye akaunti zao.

“Mama Theresia hukaa mbele,” anasema. “Nitampa shikamoo watu wote wakisikia. Akinyamaza, Jumapili inayofuata nitarudi nimwamkie tena. Tapeli hatanipangia nani wa kuniitikia kwetu.”