Ndoto Niliyoitoa Kitabuni

Utoto wangu katika mtaa wa Rosettenville, kusini mwa Afrika, ulikuwa na sheria moja: ndoto haifichwi. Mama, msusi wa kutoka Lubumbashi, aliamini kwamba ukilishwa nyama ndotoni umelishwa na mchawi, na huyo mchawi huja na sura ya mtu unayemjua. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, niliulizwa nimeota nini.

Mwaka 2016, nikiwa na miaka kumi na miwili, niliazima kutoka maktaba ya shule kitabu cha hadithi za kale za Kimarekani: majumba yanayooza, wafu wasiotulia chini ya sakafu, wacha Mungu wanaokutana na Ibilisi msituni. Eish, nilikipenda kitabu kile. Nilikisoma chooni, maana Mama angekichoma. Siku moja nikapiga kelele usingizini, na asubuhi Mama akanishika mabega akitaka kujua nimemwona nani. Kitabu kilikuwa chini ya godoro, naye amekaa juu yake. Nikamsimulia ukurasa niliousoma jana yake kana kwamba ndiyo ndoto, mwanamke mzee na sahani ya nyama. Hakuridhika. Alitaka sura ya mtu.

"Kambo," nikasema.

Kambo, yaani bibi kwa Kiswahili cha kwao Mama, ndivyo tulivyomwita mjane aliyepanga chumba cha uani na kushona nguo. Nilimtaja kwa sababu cherehani yake ndiyo niliyokuwa naisikia wakati ule. Basi, hakuna sababu nyingine.

Jumapili Mama akanisimamisha kanisani nitoe ushuhuda. Nikaongeza chumvi, shetani mimi. Wiki haikuisha, wapangaji wakakataa kuchota maji bomba moja naye, na mwenye nyumba akamwambia ahame. Asubuhi ya kuondoka alinikuta mlangoni, akanikabidhi sketi yangu ya shule, pindo limeshonwa tayari.

"Mwanangu, ni mimi kweli uliyemwona?"

Mama alikuwa nyuma yangu. Nikatazama sketi. Kambo akaenda zake akisukuma cherehani kwenye toroli. Mama akaichoma ile sketi uani.

Sijui alikoishia. Siku hizi nasoma fasihi chuoni Doornfontein, na hadithi zile nimekutana nazo tena. Wenzangu hubishana mwovu ni nani, mimi huurudia ukurasa wa sahani ya nyama. Kitabu nilikirudisha kikiwa kizima. Na mpaka leo Mama akisimama kanisani hueleza jinsi Mungu alivyomwokoa binti yake na mchawi wa uani, kisha hunigeukia. Naona aibu. Halafu naitikia amina.