Kila Kopo na Matabishi Yake

Bandugu, leo muzungu wa duka alinifungia dirisha juu ya chumvi!

Nilitaka makopo tano. Bwana yangu alisema: "Nunua yote mara moja."

Nilikatala. Ukinunua mara moja, matabishi, ile nyongeza ya bure, inakuwa chumvi ya mukono moja tu.

Nikanunua kopo moja, nikapokea matabishi, nikarudia nyuma ya mustari. Mara tatu.

Mara ya ine, muzungu akasema: "Mama, matabishi ilikwisha!" Paa! Dirisha yetu sisi bantu beusi ikafungwa.

Nilifikiri bamama ba nyuma yangu batanitukana. Kumbe, bote bakakaa chini. "Hatutoke!"

Muzungu akafungua. Kila mama akaomba kopo moja-moja na matabishi yake; mimi nikarudia mara mbili, yangu ikafika tano.

Semeni, nilikosa?

Magaribi bwana yangu akaonja sombe, majani ya muhogo: "Chumvi iko muzuri."

Nikamujibu: "Hii iko matabishi. Makopo yako tano sijagusa."