Mgeni Aliyekuja Kumuulizia Jaja

Sina sababu ya kukudanganya. Sinywi pombe, siku ile sikuwa na homa, na jua lilikuwa halijazama. Ukishasikia, amua mwenyewe.

Jaja, bibi yangu mzaa mama, tulikuwa tumemzika Gulu wiki moja kabla. Alikuwa amekula chumvi nyingi. Baada ya maziko kila mtu alirudi kwake, nami nikarudi Kasubi, kwenye nyumba tuliyoishi wawili tu tangu mama afariki. Unaujua upweke wa kusahau na kupika chakula cha watu wawili? Jioni ile nilikuwa nimepika hivyohivyo, kisha nikakaa mlangoni, chakula hakishuki.

Ndipo akaja msichana mmoja, miaka ishirini hivi, gauni la maua la mtindo wa zamani. Alikuwa peku, na miguu yake ilikuwa safi ingawa njia yetu ilikuwa tope tupu. Sikujali. Msibani huja watu wa kila aina.

"Alum iko?" akauliza, kwa Kiswahili kilekile cha kambi za polisi.

Alum ni Jaja. Hakuna aliyemwita hivyo tena. Wenzake wa kambi ya polisi kule Naguru walishatangulia wote.

"Ametutoka, dada. Karibu ukae."

Akakaa sakafuni, akaikazia macho picha ya mama yangu ukutani.

"Mtoto alilia sana," akasema. "Alinyamaza?"

Nilidhani ni uchungu wa msiba unamchanganya. Tena, niamini, nilikuwa na kiu ya mtu wa kuzungumza naye. Nikamweleza jinsi Jaja, mke wa polisi, alivyokaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, alfajiri mbele ya kambi, mama akiwa mgongoni. Jinsi alivyofiwa na mume akakataa kurudi kijijini mpaka mama amalize shule. Mama alipokufa, akaanza upya na mimi, magoti yakimuuma, akinishika mkono hadi lango la shule. Hata mwaka huu, haoni tena vizuri, alikuwa hali chakula mpaka nirudi kutoka kazini.

"Alimpiga?"

"Mama? Hata siku moja."

"Alimwambia habari yangu?"

"Kwani wewe ni nani?"

Akatabasamu, na hapo mwili ukanisisimka: lilikuwa tabasamu la mama yangu, mwanya na yote.

"Nilikuja kumwambia asante," akasema.

Nikainuka kuwasha taa. Swichi iko hatua mbili tu. Nilipogeuka, sakafu ilikuwa tupu. Nikatoka mbio. Topeni palikuwa na nyayo zangu peke yake.

Nikampigia simu mdogo wake Jaja, aliyeko Gulu. Nilipotaja gauni la maua akanikatiza.

"Tulimzika nalo, hukohuko Naguru," akasema. "Alikuwa jirani ya Alum kambini. Alikufa akimzaa mama yako. Mume wake alishakufa, na Alum hakuwa na mtoto, akamchukua siku ileile. Akatuapisha tusiseme. Mama yako aliitwa Adong kwa nini? Kwetu Adong ni mtoto aliyebakizwa na waliokufa."

"Na huyo msichana aliitwa nani?"

"Mwanangu, jina limenitoka. Aliyelijua ni Alum."

Nimekwenda Naguru mara tatu kuulizia kaburi. Hakuna anayekumbuka. Siku hizi jioni sikai mlangoni, ingawa simwogopi yule msichana. Kinachoniuma ni kwamba nililala chumba kimoja na Jaja miaka yote ile, na sikuwahi kumuuliza ujana wake ulikuwaje. Nilidhani namjua. Angeniambia? Pengine. Na kama angeniambia, ningemjibu kwamba yeye ndiye bibi yangu, basi.

Wewe ambaye wako bado yupo, nenda leo, kaa naye, muulize, na uandike majina. Mimi namwombea bibi mwingine kila Jumapili, na sijui nimwite nani.