Alama Nyekundu Kwenye Ukuta wa Bi Zuhura

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki, na hata mwezi haujaisha mwenye nyumba akatutoa chumbani kule Mwembe Tayari, mama akakaa juu ya godoro kando ya barabara, mabasi ya bara yakimpita, na sisi wanawe tumemzunguka kama vifurushi. Shule yangu ikaishia hapo, darasa la tatu. Nikaanza kubeba ndoo za chokaa za mafundi, baadaye nikashika brashi, baadaye ngazi, baadaye kazi zangu mwenyewe. Nayataja haya mwanzo ili ukifika mbele usidhani aliyeaibika ni mtu wa hivi hivi. Ni mimi, Fundi Athumani, niliyepaka majumba ya wakubwa Kizingo na misikiti sijui mingapi, na niliaibika Kibokoni mchana kweupe, mbele ya watu wanaonijua kwa jina.

Mambo yalianza na neno moja. Magoti yangu yamekataa ngazi, na mtu aliyezoea kazi akishinda nyumbani humsumbua mkewe, basi wangu akaniambia, "Athumani, tafuta pa kwenda, leo umeniuliza habari ya sufuria mara tatu." Nikatoka, nikatembea hadi ufukoni Kizingo, nikakuta watu wamekaa vigodani wanaipaka bahari kwenye karatasi. Mwalimu wao, binti mmoja aitwaye Nasra, akaniamkia kwa adabu, akaniuliza, "Mzee, umewahi kupaka rangi?"

"Mwanangu, miaka arobaini na tano."

Macho yakamtoka. Akawageukia wenzake akawaambia tumepata msanii mkongwe, akaniandika jina hapo hapo, akanipa karatasi kubwa kuliko ya mtu yeyote. (Sikumdanganya. Aliuliza kupaka, nikamjibu kupaka. Kama alitaka kujua kuchora, angesema kuchora.)

Jumamosi ya pili akatupeleka Kibokoni, kwenye kichochoro kinachoteremka mpaka majini, Nyali ng'ambo ya pili. Mbele yangu palikuwa na nyumba ya ghorofa yenye roshani ya mbao, ukuta wake wa chokaa, na leso nyekundu imeanikwa dirishani. Nasra akasimama nyuma yangu.

"Mzee, ule ukuta rangi gani?"

"Nyeupe."

"Tazama tena."

"Nyeupe ya chokaa. Umepigwa mara mbili, na mara ya pili walikuwa na haraka."

"Usiniambie, mzee. Tazama tu."

Nikatazama ili nimridhishe. Nikatazama muda kidogo, na hapo ndipo jambo lilipotokea ambalo mpaka leo nikilisimulia nywele za mkono zasimama. Ule ukuta haukuwa mweupe. Chini, upande wa majini, ulikuwa na ukijani mwembamba, kwa sababu bahari ilikuwa inarusha mwanga wake juu ya chokaa na mwanga ule ulikuwa unatembea, waona unapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Chini ya roshani kivuli kilikuwa zambarau. Palipopigwa na jua palikuwa na rangi ile ya ndani ya kombe. Na kando ya dirisha, ile leso ilikuwa imeupaka ukuta wekundu wake bila brashi, bila fundi, bila kibali cha mtu. Nikajiona nimekaa na mdomo wazi. Miaka arobaini na tano nawatilia watu nyeupe majumbani mwao, na sijawahi kuiona hata siku moja.

Nasra akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niache.

Nikaanza kupaka kama mwenye homa. Brashi zao nyembamba kama mswaki, nikaziweka kando, nikatoa yangu ya inchi tatu niliyokuja nayo mfukoni. Nikataka ile nyekundu ya leso, nyekundu yenyewe hasa, nikakoroga nusu mkebe (sijui kukoroga kidogo, sikufunzwa). Karatasi ya kujaribia nilipewa. Lakini mkono wa fundi haujui karatasi. Fundi hujaribu ukutani, mpigo mmoja kutoka juu kuja chini kwa mshazari, mpigo wa pili unaukata ule wa kwanza, ndipo ajue kama rangi yafunika. Nyuma yangu palikuwa na ukuta. Nikageuka nusu, nikajaribu, nikaona imezidi weusi, nikarudi kwa leso yangu. Ni kama kujikuna, hata hukumbuki ulijikuna wapi.

Jua likahama, na sisi tukahamia kivulini, chini karibu na maji. Baada ya saa nzima hivi, nikasikia sauti za watu huko juu, wanawake kwanza, kisha kitu kizito kikiburutwa. Mimi ni mtu mzima, na mahali penye zogo mtu mzima hutakiwa. Nikapanda.

Kwenye ukuta wa Bi Zuhura, mjane wa miaka sabini na kitu anayekaa peke yake, palikuwa na X nyekundu, kubwa, urefu wa mkono. Na hapa kwetu hata mtoto wa chekechea ajua: nyumba ikitiwa X nyekundu, tingatinga laja. Vijana walikuwa wameshateremsha kitanda vipande vipande. Masanduku yalikuwa nje, birika, sahani za mapambo, picha ya marehemu mumewe imeegemezwa mlangoni. Bwana Akbar, mwenye duka la vitambaa mkabala, alikuwa anamweleza kila afikaye.

"Mwezi jana walikuja watu wawili na makaratasi, wakautazama ule ufa wa roshani yake. Nikasema mimi. Sikusema?"

Nikapandwa na hasira za kweli. Nikapanda kwenye baraza nikasema kwa sauti ya ngazini, "Ni mwanamume gani huyu asiye na haya, amwandikia mjane ukutani kisha akimbia? Nionyesheni mkono uliofanya haya niukate."

"Waambie, Fundi," akasema mama mmoja.

"Fundi, wewe ndiwe wajua rangi," akasema Akbar. "Hebu tazama. Ya serikali hii?"

Wakanipisha. Nikaikaribia ile X kama daktari, nikaisugua kwa kidole, nikainusa. "Rangi duni," nikasema. "Maji mengi, haikukorogwa ikakorogeka. Na aliyepiga hajui kushika brashi. Huyu si fundi, huyu mtu wa kuokotwa."

Kisha nikatazama kidole changu nione imeshika vipi, na nikashindwa kujua ipi ni ya ukutani na ipi ilikuwapo tangu asubuhi.

Mkono nikautia mfukoni, taratibu, kama mtu atafutaye funguo. Hakuna aliyeona. Walikuwa wanaangalia ukuta, na mimi ningeweza kuteremka, nikachukua kigoda changu, nikaenda zangu, na jina langu likabaki lilipo. Nasra peke yake, amesimama kwenye pembe, aliniangalia mimi, akaiangalia brashi iliyochomoza mfuko wa pili.

Bi Zuhura alikuwa amekalia godoro lake pale nje. Hakuwa analia. Akaniita, "Baba, wewe mtu mzima, wayajua mambo haya. Huwapa watu siku ngapi?"

Nikamwona mama yangu. Kukaa kule kule, mikono mapajani, miguu imekunjwa upande mmoja isiguse barabara.

"Bi Zuhura," nikasema, "hakuna siku. Ile si X. Ile ni leso."

"Leso gani?"

"Ile ya dirisha la jirani yako. Nilikuwa naitafuta rangi yake."

Nikatoa mkono mfukoni, na mfuko wenyewe ukatoka nao, mwekundu wote. Akbar ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo wa kuokotwa ni wewe."

"Maji mengi ati, Fundi?" kijana mmoja akadakia, na kicheko kilichofuata nadhani kilifika Marikiti.

Bi Zuhura hakucheka. Aliinuka, akanishika ule mkono, akautazama mbele na nyuma kama anunuaye samaki. Akasema, "Kitanda changu. Juu. Na asikusaidie mtu."

Nikakipandisha, ubao kwa ubao, ngazi ishirini na mbili, na magoti haya. Ubao wa mwisho nikauegemeza dirishani nivute pumzi, nikainua macho. Jamani. Kichochoro chote kilikuwa chini yangu, kuta zote, na kila ukuta na nyeupe yake, hakuna mbili zilizofanana, mpaka majini, na maji yenyewe yanazirudisha zote zikiwa zimechanganyika. Bi Zuhura ameamka mbele ya hayo maisha yake yote. Nilisimama nikasahau kwamba nimeaibika.

"Yapendeza, eh?" akasema nyuma yangu. "Sasa ufunge kitanda."

Nikajaribu kuiosha ile X kwa maji, chokaa ikainywa, ikatanda waridi mpaka mlangoni. Kesho yake nikarudi na ndoo nikapaka ukuta mzima, mara tatu, bila haraka. Bi Zuhura akachungulia kutoka juu. "Fundi, ndiyo nyeupe gani hiyo?"

"Ngoja saa kumi jua ligeuke," nikamwambia, "utaiona."

Tangu siku ile rangi naijaribu kwenye mkono wangu mwenyewe, na ukuta wa mtu siugusi mpaka nibishe hodi. Darasani bado naenda. Nasra sasa ananiita Fundi, si msanii, na hilo ndilo jina langu.

Leo nina nyumba mbili Majengo, moja ya kukaa na moja ya kupangisha. Nina pikapu, ngazi sita, mke mmoja, watoto wanne waliosoma. Nina picha moja ya kichochoro cha Kibokoni, nusu yake karatasi tupu, na shati moja lenye mfuko mwekundu lisilotakata.