Mpimaji Damu na Chai ya Bibi

Mpimaji damu wa zahanati yetu hana maneno mengi. Kila asubuhi huosha mikono mpaka viwikoni, huiweka chupa yake ya chai juu ya kabati, wala haifungui mpaka mgonjwa wa mwisho aliyeambiwa aje na njaa atolewe damu. Mshipa huutafuta kwa ncha ya kidole, macho ameyafumba, mithili ya mtu anayekumbuka aya. Nami, mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, nimemtazama hivyo mara nyingi. Jumatatu moja aliketi mbele yake bibi aliyekuwa apasuliwe jicho Jumatano, iwapo tu sukari yake ingekuwa imeshuka.

"Umekula, bibi?"

"Tangu jana sijatia kitu tumboni, mjukuu wangu. Nimekunywa chai tu."

"Ya sukari?"

"Sasa chai isiyo na sukari si dawa hiyo?"

Aliirudisha sindano kwenye trei. "Leo sikupimi. Namba itapanda bure, na jicho litaahirishwa. Njoo kesho, usinywe ila maji."

"Pima tu, Mungu atanisitiri."

"Mungu husitiri, bibi. Mashine haina siri."

Kesho yake bibi alifika kabla yetu sote, midomo imemkauka. Mpimaji akamtoa damu, akangoja namba, akaiandika. "Imeshuka. Kesho unapasuliwa." Kisha, benchi lingali limejaa, kwa mara ya kwanza akaifungua ile chupa, akammiminia kikombe.

Bibi akaonja, akakunja uso. "Mbona haina sukari?"