Kidonge cha Ornella

Sauti ya Marcelline humfikia mteja kabla hajaona sambaza wake, wale dagaa wa ziwani anaouza. Miaka yote niliyouza nyanya kando yake sokoni Nyawera, sijawahi kumsikia akinong'ona. Anaita wateja, anagombana na wabeba mizigo, anaimba nyimbo za misa. Binti yake Ornella, wa miaka saba, ni yeye mtupu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunamtania, naye anacheka kutushinda.

Siku moja Elodie, mwalimu wa Ornella, alimwita Marcelline shuleni. Hakumkaribisha hata kiti.

“Maman Ornella, huyu mutoto hatulii. Anasema-sema, anasimama-simama. Iko dawa ya kutuliza batoto. Uende ku farmasi ya pale ku kona, banaijua. Bila ile dawa, asirudie hapa.”

Farmasi! Kibanda cha mbao, na muuzaji aliyetoa vidonge bila kumwona mtoto, bila kuuliza hata ana umri gani. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Ornella alitulia, naam. Alitulia mpaka akasinzia na tonge la bugali mkononi. Na majirani, Mungu awasamehe, mimi siwezi, wakampongeza mama yake: “Sasa iko na adabu!” Adabu gani hiyo?

Marcelline akaogopa, akampeleka hospitali. Daktari hakumficha kitu: wako watoto wanaosaidiwa na dawa, lakini baada ya kuchunguzwa vizuri, tena kwa muda. Hiki alichopewa Ornella kilikuwa kidonge cha usingizi cha watu wazima.

“Maman, uache leo leo.”

Akaacha. Ornella akaanza tena kusema, na shule ikamfukuza. Ili arudi, walisema, sharti mama yake aje aombe msamaha mbele ya darasa zima kwa kuacha dawa. Nilifunika nyanya zangu nikawasindikiza, maana naujua mdomo wa Marcelline.

Huku kwetu mgeni akiingia darasani, watoto husimama wote mara moja na kumsalimu kwa Kifaransa, kwa kelele za kupasua bati. Pale walisimama mmoja mmoja, wameshikilia madawati. “Bon... jour... maman.” Na ilikuwa asubuhi, hawajachoka na lolote.

“Sema, maman, tunakungojea,” alisema Elodie.

Marcelline hakuomba msamaha. Aliwatazama watoto, akauliza taratibu: “Batoto, nani alikunywa kidonge leo asubuhi, mbele ya kuja huku?”

Mkono mmoja ukainuka. Kisha dawati zima la dirishani. Kisha safu yote ya ukutani.

“Mushushe mikono!” Elodie alipiga kelele.

Wakaishusha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini.

Marcelline alimshika Ornella mkono. “Tuende. Hapa haurudi tena.”

Tulitoka na yule mmoja. Wengine tuliwaacha mle ndani, wamekaa kimya, na mwalimu amegeuka kuandika ubaoni.